Mini 3 au Mini 4 Pro? Namna ya kuchagua kabla hujatoa hela

Kila baada ya wiki mbili tatu napata ujumbe wa namna moja. "Dada, shikamoo. Nimeona mbili, zinafanana, moja bei iko juu. Nichukue ipi?" Chini yake picha mbili: droni za kijivu zilizokunjwa, kila moja inaenea kiganjani. Juzi kijana aliyewahi kunishikia taa kwenye harusi alinitumia DJI Mini 3 na DJI Mini 4 Pro (DJI ndiyo kampuni inayozitengeneza), akaongeza kuwa muuzaji kamwambia ile ya bei juu "picha yake ni moto zaidi". Hapo ndipo wengi wanapopotea. Picha ndiyo kitu ambacho hizi mbili zimekaribiana mno. Pesa ya ziada inanunua mambo mengine kabisa, na swali ni kama utayatumia.

Mimi napiga harusi, viwanja na nyumba za wageni huku Tanga. Natumia hizi mbili kwa mfano kwa sababu ndizo ninazoulizwa sana, ila hatua ni zilezile hata ukiwa na mbili nyingine mkononi.

Hatua ya 1: Andika kazi kumi

Chukua daftari uandike kazi kumi za mwisho ulizofanya, au ulizoulizwa bei. Ndoto za kupiga filamu ziweke pembeni kwanza. Kwa kila kazi jibu mambo matatu. Mteja alitaka nini mwishoni: video ya kuonyeshwa ukumbini, status ya WhatsApp, picha ya bango? Eneo likoje: uwanja mweupe, shamba la minazi, mtaa wenye nyaya kila upande? Na kinachopigwa kinatulia au kinakwenda?

Daftari langu la mwezi mmoja lilisema hivi: viwanja vinne, harusi tatu, nyumba za wageni Pangani mbili, shamba la mkonge moja. Kiwanja hakitembei. Nyumba haitembei. Mkonge nao umekaa pale miaka. Kwenye kazi kumi, tatu tu zilikuwa na kitu cha kukimbizana nacho, tena ni dakika chache za msafara wa bwana harusi.

Usiruke hatua hii. Bila hilo daftari, kila sifa utakayosomewa dukani itaonekana ya lazima.

Hatua ya 2: Futa yanayofanana

Weka karatasi ya sifa za droni zote mbili mbele yako, chukua kalamu, piga mstari juu ya kila kinacholingana. Kwa hizi mbili utafuta mengi. Uzito, zote ziko chini ya gramu 249. Kihisi cha kamera, kile kinachopokea mwanga, ni inchi 1/1.3 kwa zote mbili, na lenzi inafunguka f/1.7 kwa zote mbili, kwa hiyo jua linapozama uwezo wa kamera zake haupishani kama bei zinavyopishana. Zote zinageuza kamera isimame wima, ukapata video ya TikTok bila kukata pembeni. Upepo, zote zimeandikiwa mita 10.7 kwa sekunde.

Hilo la upepo lisikupite hivihivi kama unaishi pwani. Miezi ya kusi, hasa Juni hadi Agosti, baharini kunavuma kuanzia saa nne asubuhi, na droni ya robo kilo ni karatasi. Muuzaji akikwambia Mini 4 Pro "inahimili upepo zaidi", mwombe akuonyeshe ilipoandikwa. Ukinunua yoyote kati ya hizi, zoea kuamka alfajiri, na anza kwa kwenda upande upepo unakotoka ili wakati wa kurudi, betri ikiwa imechoka, upepo uwe unaisukuma kuja kwako.

Hatua ya 3: Kaa na yanayotofautiana

Sasa karatasi imebaki na mistari michache. Hapa usiwe na haraka.

Macho, yaani vihisi vya kuona vizuizi. Mini 3 ina macho chini tu, ya kuisaidia kutulia na kutua. Mbele haioni, nyuma haioni, ubavuni haioni. Mini 4 Pro ina macho pande zote. Kwangu mimi hii ndiyo tofauti kubwa kuliko zote, na nina sababu. Droni yangu ya kwanza, ambayo si kati ya hizi, niliiingiza kwenye mnazi pale Raskazone. Bibi na bwana harusi wamesimama mchangani, mimi narudisha droni kinyumenyume huku naipandisha, macho yangu yote kwenye kioo cha simu, picha inapendeza kweli. Halafu kioo kikawa kijani. Tukamwita mkwezi. Alishuka na droni kwapani, akanitoza elfu tano kwa ile ndege na dafu akanipa bure. Shangazi wa bibi harusi akasema, "Mwanangu, ndege wenyewe hutua mnazini kwa hiari."

Kosa lilikuwa langu, na macho ya nyuma yangeweza kuniokoa. Lakini jua pia mipaka yake. Waya mwembamba wa umeme hauonekani vizuri hata kwa macho ya Mini 4 Pro. Vioo na maji tulivu huyachanganya. Giza likiingia yanapofuka. Na ukibadilisha kwenda mwendo wa Sport, ule wa kasi, yanazimwa kabisa. Wengi wanalijua hili baada ya kugonga. Kama kazi zako ni viwanja vyeupe na mashamba, macho hayo yatakuwa bima usiyoidai. Kama unapita katikati ya miti na mapaa, au umeanza kurusha mwaka huu, yana thamani ya pesa yake.

Kumfuata mtu. Mini 4 Pro inaweza kufungwa kwa mtu, gari au boti ikamwandama yenyewe, mfumo wanaouita ActiveTrack. Mini 3 haina. Inazo zile picha fupi za kujiendesha, kama kumzunguka mtu au kupaa huku inarudi nyuma, lakini mtu akianza kutembea ni wewe na vidole vyako. Anayejirekodi peke yake, awe mwendesha baiskeli, mvuvi au mtu wa safari, hana haja ya kuendelea kusoma: achukue Mini 4 Pro. Anayerusha akiwa amesimama pembeni anaweza kujifunza kwa mkono ndani ya wiki chache, na wengi wetu mkono wetu ni laini kuliko mashine.

Fremu, yaani idadi ya picha zinazounda sekunde moja ya video. Mini 3 inapiga 4K (ukali mkubwa wa video) hadi fremu 30 kwa sekunde. Mini 4 Pro inafika 60, na kwa mwendo wa polepole inagusa 100. Ukihariri kwa fremu 25, fremu 60 zinakupa mwendo uliopunguzwa mara 2.4, na shela ikipeperushwa na upepo wa bahari kwa mwendo huo, mama wa bibi harusi analia. Ila wauzaji wengi hawasemi kwamba Mini 3 nayo inatoa fremu 60 ukiishusha iwe 2.7K. Video ikienda kwenye simu, hakuna mteja atakayekuuliza. Ikienda kwenye televisheni kubwa ya ukumbini, jicho lililozoea litaona.

Rangi. Mini 4 Pro inarekodi biti 10 (ngazi nyingi zaidi za rangi) kwa D-Log M, picha iliyofifia makusudi ili uipake rangi mwenyewe kwenye kompyuta. Mini 3 inakupa rangi ya kawaida, biti 8, imekwisha. Jiulize kwa uaminifu: huwa unapaka rangi? Kama unahariri kwenye simu na kupeleka jioni hiyohiyo, D-Log M itakuongezea kazi tu, na siku moja utamtumia mteja video iliyopauka kwa kusahau. Kama unachanganya picha za droni na za kamera kubwa ya chini, hiyo rangi utaihitaji ili kipande cha angani kisionekane kimetoka harusi nyingine.

Picha mnato: Mini 3 megapikseli 12, Mini 4 Pro 48. Kwa mtandaoni zote zinatosha. Kwa bango la barabarani chukua ile kubwa.

Mawasiliano kati ya droni na rimoti. Karatasini Mini 4 Pro inafika kilomita 20 na Mini 3 kilomita 10, mahali pasipo na kizuizi wala mawimbi mengine. Puuza namba hizo, kwa sababu droni unatakiwa kuiona kwa macho yako, na kitu cha gramu 249 hukioni hata kilomita moja. Faida halisi ni nyingine: Mini 4 Pro inarusha picha ya 1080p kwenye kioo chako, Mini 3 ya 720p iliyo hafifu zaidi, na katikati ya mji wenye Wi-Fi kila ghorofa ile mpya haikatiki ovyo.

Halafu kuna jambo ambalo ya bei nafuu inashinda. Kwa betri ya kawaida Mini 3 imeandikiwa dakika 38, Mini 4 Pro dakika 34. Usizichukue namba hizo kama zilivyo, zimepimwa bila upepo. Mimi naanza kurudisha ikifika asilimia 30, kwa hiyo natoka na dakika ishirini na kitu za kazi. Lakini zile dakika nne unazisikia pale unapozunguka shamba kubwa. Zipo pia betri nene ziitwazo Plus, dakika 51 kwa Mini 3 na 45 kwa Mini 4 Pro. Nazo zinaipandisha droni juu ya gramu 250, jambo lenye maana kwa nchi zinazohesabu uzito.

Hatua ya 4: Chagua rimoti kabla ya droni

Kuna rimoti ya kufunga simu na kuna rimoti yenye kioo chake. Ya simu ni nafuu, lakini simu juani inapata moto, inapunguza mwanga, na katikati ya msafara mama mkwe anapiga. Ukichukua hiyo, weka simu kwenye hali ya ndegeni kabla ya kuruka. Kwa Android, jua kwamba DJI Fly, programu ya kurushia droni hizi, haipo Play Store. Inapakuliwa kwenye tovuti ya kampuni yenyewe, na kuna simu za bei rahisi zinazoshindwa kuiendesha. Ijaribu kwenye simu yako leo, kabla hujalipa.

Rimoti ya Mini 3 haitarusha Mini 4 Pro. Ukipanga kupanda daraja mwakani, usihesabu kwamba rimoti itabaki.

Hatua ya 5: Piga hesabu ya seti nzima

Bei za huku hubadilika na dola na duka, kwa hiyo nakupa za kuanzia ili uone umbali. Mini 3 ilipotoka Desemba 2022 iliuzwa Marekani dola 559 pamoja na rimoti ya simu, na 699 pamoja na yenye kioo. Mini 4 Pro ilitoka Septemba 2023 kwa dola 759 na ya simu, 959 na yenye kioo. Umeona mtego? Mini 3 yenye kioo na Mini 4 Pro ya simu zilitengana kwa dola 60 tu. Watu wanalinganisha droni kwa droni, kumbe wanapaswa kulinganisha seti kwa seti.

Kwenye karatasi ya kila seti ongeza: betri mbili za ziada, propela za akiba, vioo vya ND (miwani ya jua ya kamera, bila hivyo video ya mchana inadundadunda), begi, na memori kadi yenye alama ya V30, yaani inayoandika kwa kasi. Kadi usiifanyie ubahili. Mini 3 inaandika hadi megabiti 100 kwa sekunde, yaani dakika kumi zinakula takribani GB 7.5. Mini 4 Pro inafika 150, dakika kumi ni zaidi ya GB 11, na kompyuta yako nayo itabidi izimeze. Nimeona mtu kanunua Mini 4 Pro halafu anahariri kwenye laptop inayokwama kwa 4K ya kawaida. Bora angenunua Mini 3 na laptop.

Droni moja yenye betri moja kwenye harusi ni aibu iliyopangwa. Kama bajeti inatosha Mini 4 Pro ya betri moja au Mini 3 ya betri tatu, mimi nachukua Mini 3.

Hatua ya 6: Kibali kwanza

Gramu 249 zina maana Marekani, ambako anayerusha kwa kujifurahisha hasajili droni iliyo chini ya gramu 250. Watu wanasoma hayo mtandaoni wanadhani yanafika hadi huku. Tanzania unahitaji kibali kupitia Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, na Wizara ya Ulinzi inahusika. Kenya ni KCAA, mamlaka yao ya anga, na droni iliyoingizwa bila idhini huweza kubaki forodhani uwanja wa ndege. Hifadhi za taifa za nchi zote mbili zina kibali chao peke yake. Kwa hiyo kama mjomba anakuletea kutoka Dubai au Minneapolis, shughulikia karatasi kabla hajapanda ndege, na mwambie betri azibebe kwenye begi la mkononi, si la chini.

Kwa uchaguzi wetu, sheria haizitenganishi hizi mbili. Ila inaingia kwenye bajeti, na muda wa kusubiri unaingia kwenye ahadi unazompa mteja.

Hatua ya 7: Amua

Mimi ningesema hivi. Viwanja, mashamba, nyumba, status za simu, na mkono uliokwisha zoea: Mini 3, na pesa inayobaki iende kwenye betri na kadi. Harusi kila wiki, kumfuata mtu, kuchanganya na kamera kubwa, au unaanza kabisa na unarushia kwenye minazi: Mini 4 Pro. Mwenye kusitasita katikati arudi kwenye daftari ahesabu kazi, asihesabu sifa. Kijana wangu alihesabu. Nane kati ya kumi zilikuwa viwanja vya dalali mmoja. Bado alitaka Mini 4 Pro. Nikamwambia sawa kaka, pesa ni yako, ila sababu iwe hiyo ya kutaka, usimsingizie mteja.

Tangu Septemba 2025 ipo pia Mini 5 Pro yenye kihisi cha inchi 1. Ukiianza hiyo utajikuta na karatasi ya tatu, halafu ya nne.

Hatua ya 8: Ikague kabla hela haijatoka mkononi

Mpya haina shida sana: hakikisha boksi halijafunguliwa na namba ya boksi ni sawa na iliyo kwenye droni. Iliyotumika ndiyo yenye mambo. Kutaneni mchana, mahali wazi, kukiwa na intaneti, na mfuate utaratibu huu.

Kwanza akaunti. Droni hizi zinafungwa na akaunti ya mwenye nazo. Muuzaji afungue DJI Fly mbele yako aitoe droni kwenye akaunti yake, kisha wewe uifunge kwenye yako, papo hapo. Nilishawahi kukubali "nitaitoa jioni, dada, simu haina bando". Ilichukua siku kumi na moja na safari mbili.

Pili, mwili. Kunja na kunjua mikono yote minne ukitazama maungio kwa karibu. Ufa wa unywele huanzia hapo. Tazama skrubu za propela: zilizokwaruzwa zinasema zimefunguliwa mara nyingi, na mtu habadilishi propela nyingi kama hajagonga. Zungusha kila mota kwa kidole polepole. Ikikwaruza kama inasaga mchanga, imewahi kutua ufukweni bila mkeka.

Tatu, iwashe ukiwa umeishika usawa. Kamera itajinyoosha, itazunguka kidogo, itatulia. Ikitetemeka au ikilala upande, acha.

Nne, betri. Iweke juu ya meza bapa, ikibembea imevimba. Kwenye programu, sehemu ya usalama, tazama imechajiwa mara ngapi, na ufanye hivyo kwa kila betri.

Tano, irushe mita mbili, toa vidole. Ikae palepale. Rekodi 4K huku unaizungusha polepole, kisha uitazame video hiyo kwenye simu yako ukikuza pembe zote nne. Kama ni Mini 4 Pro, isogeze taratibu kuelekea ukutani kwa mwendo wa kawaida: kioo kinapaswa kukuonya kwa rangi na droni isimame yenyewe. Fanya mbele, nyuma na ubavuni. Jicho moja likiwa bovu umenunua Mini 3 kwa bei ya Mini 4 Pro.

Ukifika nyumbani, sasisha programu za droni, rimoti na kila betri usiku huo kwa Wi-Fi, usisubiri ukumbini wakati MC anakuita. Siku ya kwanza nenda uwanja wa mpira mtupu. Kabla ya kuruka, ingia kwenye mpangilio wa kurudi nyumbani (droni inaporudi yenyewe), tafuta mnazi au mnara mrefu kuliko yote unaouona, weka urefu unaoupita, kisha ongeza mita kumi.